Njia Nzuri, Simba Watatu

Jumamosi moja asubuhi Makena alinikuta nikichambua maharagwe mlangoni. Makena ni mwanafunzi wa utalii, amepanga chumba cha tatu katika vyumba vyangu sita vya kukodisha hapa Nchiru, na huniita Guka, yaani babu. Alikuwa na simu mkononi na uso wa mtu anayetaka kusifiwa.

"Guka, si ulikuwa dereva wa watalii? Hebu soma hii uniambie kama iko poa."

Yeye na wenzake walikuwa wameanzisha ukurasa wa kuwaelekeza wageni wanaotaka kuja kuona wanyama upande wetu huu, kuanzia mbugani hapa Meru hadi kule chini Mbeere kwenye mabwawa yenye viboko. Nilivaa miwani nikasoma. Kusema kweli ulipendeza. Kulikuwa na picha ya kifaru, habari za viza, za chanjo, za dawa ya malaria na chandarua. Kisha nikafika kwenye sentensi moja iliyosema: "Barabara ni nzuri na inapitika mwaka mzima."

"Hii barabara ulipita lini?" nikamuuliza.

"Mimi? Bado sijaenda, Guka. Lakini kila mtu kwa mtandao anasema iko sawa."

"Futa."

"Kwani nimekosea wapi?"

"Nimesema futa!"

Nilimpigia kelele mtoto wa watu hata kuku wakatawanyika. Makena alisimama pale ameduwaa, kisha akarudi chumbani kwake. Hakuwa na kosa kubwa. Mwenye kosa ni mimi, kwa sababu sentensi kama ile niliwahi kuiandika kwa mkono wangu, nikijua si kweli, na ikamwondoa barabarani dereva bora niliyepata kumwona. Jioni ile niligonga mlango wake nikamwomba radhi.

"Basi andika wewe, Guka," akasema. "Vitu kumi tu. Vitu kumi mgeni anafaa kujua."

Nimejaribu hivyo vitu kumi vikanishinda. Kila nikianza cha kwanza, kile kimoja ninachokikimbia kinakuja kukaa mbele yangu. Kwa hivyo nyinyi vijana mtakaobeba wageni, na nyinyi mtakaowaandikia, pokeeni haya jinsi yalivyo.

Nilikuwa dereva katika kampuni ndogo mjini Meru, magari matano na meneja mmoja mwenye hasira. Aliyenifunza kazi ni Mzee Nyaga, Mmbeere wa Siakago, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufi jua liwake lisiwake. Nilikuja kwake na leseni mpya na mdomo mkubwa. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kugusa usukani. Aliniketisha kiti cha nyuma kabisa, juu ya magurudumu, mahali wanapokaa wageni.

"Leo wewe ndio mgeni," akaniambia. "Kaa hapo usikie vile dereva huwa anakufanya."

Tuliingia mbugani asubuhi tukatoka jioni. Niliposhuka sikuweza kunyoosha mgongo, nikatembea nimeinama mpaka nyumbani, na mke wangu akaniuliza nimeangusha nini. Tangu siku ile nilijua shimo si kitu cha gari, ni kitu cha mgongo wa mtu. Mkianza kazi hii, kaeni nyuma siku moja. Mtaendesha tofauti.

Jambo alilonifunza ambalo limenisaidia kuliko yote ni jinsi ya kuuliza njia. Mnajua watu wetu. Mgeni akiuliza kama anapokwenda ni mbali, tunamwambia ni hapo tu. Akiuliza kama njia inafika, tunasema inafika kabisa. Si uongo tunaokusudia. Tunaona vibaya kumvunja moyo mtu aliyetoka mbali.

Niliwahi kuwa na wageni wawili maeneo ya Mitunguu, nikaamua kukata njia fupi ya kushuka mtoni. Nikawauliza wanaume waliokaa nje ya kioski, "Hii njia inafika mtoni?" Wakajibu kwa pamoja, "Inafika!" Ni mbali? "Zii, ni hapo tu." Tuliendesha asubuhi nzima. Njia ikawa nyembamba, ikawa ya ng'ombe, ikawa mtaro wa kumwagilia maji, na mwisho tukasimama katikati ya shamba la ndizi la mtu. Mwenye shamba alitoka akatusalimia, akatupa ndizi, na alipoona uso wangu umeanguka akanifariji: "Lakini mkisonga mbele kidogo mtatokea. Ni hapo tu."

Nilipomweleza Mzee Nyaga alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaniambia, "Usiulize mtu swali lenye jibu ndani. Ukimuuliza kama njia ni nzuri, atakupatia hiyo nzuri unataka. Muulize hivi: gari ya mwisho kupita hapa uliiona lini? Hapo hana njia ya kukupendeza."

Andikeni hilo kwenye ukurasa wenu, Makena. Na kama mtamuuliza mtu, muulizeni mama anayetoka kuteka maji. Yeye ameuona mto leo.

Mito ya mbugani inatoka milima ya Nyambene, na hapa ndipo wageni wengi hudanganyika, hata Wakenya wa Nairobi. Unaweza kuwa mbugani jua linachoma mpaka usukani haushikiki, hakuna wingu, na mto unajaa mbele yako kwa sababu kule juu kulinyesha. Mgeni hakubali. Anakuonyesha anga, anakuonyesha simu inayomwambia hakuna mvua. Mzee Nyaga alikuwa anachomeka kijiti pale maji yanapoishia, anatoa chupa ya chai, anawapa wageni chai. Chai ikiisha anakwenda kukitazama kijiti. Kikiwa kimemezwa, anageuza gari bila mjadala. Maji yakianza kuwa mekundu na kuleta majani mabichi, hakungoja hata chai iishe.

Nguo pia ni jambo. Usivae bluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wanazipenda rangi hizo, na mdudu huyo anauma hata juu ya shati. Mchungaji mmoja wa kanisa la Embu alituletea waumini wake akiwa amevaa suti nyeusi kamili. Nikamwambia kwa heshima avue koti. Akanijibu kwamba mtumishi hatembei nusu uchi. Tulipopita kwenye kichaka cha kwanza mbung'o waliwaacha waumini wote wakamwendea yeye. Nilimwona kwenye kioo akijipiga shingo, mapaja, kisogo. Tulipofika mtoni lile koti lilikuwa limekunjwa chini ya kiti na mchungaji amejifunika kanga ya mama mmoja wa kwaya.

Na ndizi, msiziache ndani ya gari. Nasema kama mtu aliyerudi akamkuta nyani kwenye kiti chake amekumbatia usukani, mwingine nyuma anagawa ndizi. Yule wa mbele aliegemea honi, honi ikalia, akaogopa, akaniruka juu ya kichwa akaenda na kofia yangu ya kampuni. Meneja alinitaka nieleze kwa maandishi kofia ilikopotelea. Nilieleza ukweli na hakuniamini. Huenda hapo ndipo nilipoanza kuogopa kumwandikia meneja ukweli, lakini hiyo si sababu, ni kisingizio.

Sasa niwaeleze habari za kitabu.

Kwenye mlango wa ofisi yetu kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kilining'inia kitabu kinene chenye jalada gumu, kimefungwa kwa uzi. Tulikiita kitabu cha njia. Alikianzisha Mzee Nyaga. Sheria zake zilikuwa chache. Ukitoka mbugani, kabla hujaenda choo, unaandika ulichokiona barabarani: mti ulioanguka, tope, ndovu wenye watoto, daraja lililolegea. Unaweka tarehe. Unaweka jina. Na asubuhi hakuna gari linalotoka kabla dereva hajasoma. Hatukuwa na simu wakati huo za kupigiana tukiwa kule chini. Kilikuwepo kitabu tu.

Kabla ya kitabu kulikuwa na matawi. Hayo mnayajua, hata leo gari likiharibika barabarani dereva anakata matawi mabichi anayatandaza nyuma yake. Mzee Nyaga alitaka kila gari liwe na panga chini ya kiti. Ukikuta mahali pabaya unakata matawi, unaweka huku na huku, ndipo unaendelea. "Kitabu ni ya wale wako ofisini," alizoea kusema. "Matawi ni ya yule ako nyuma yako."

Siku ninayoizungumzia nilikuwa nimechelewa. Wageni wangu walikuwa wamekutana na simba watatu juu kidogo ya kivuko cha pili, simba jike wawili na dume, na hawakutaka kuondoka. Na mimi, kwa kupenda kusifiwa, sikuwahimiza. Nilipotazama saa, lango lilikuwa linakaribia kufungwa.

Kivuko hicho ni sakafu ya zege iliyolazwa kukata mto, maji yanapita juu yake. Sisi tulikiita drifti. Drifti unaivuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, magurudumu katikati, kwa sababu ukingo wake huliwa na maji chini kwa chini na wewe huoni. Nilijua. Nilikuwa nimefundishwa hapo hapo, na Mzee Nyaga ameketi kando yangu. Lakini siku ile niliivuka mbio. Gurudumu la nyuma la kushoto likapanda ukingoni, nikasikia mlio wa kuvunjika, gari likainama, halafu likajivuta likatoka. Wageni walishangilia. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Nilitazama kwenye kioo. Pale ambapo palikuwa na zege maji yalikuwa yanazunguka, ya kahawia, na juu yake pote palionekana sawa. Mtu anayekuja hangejua. Panga lilikuwa chini ya kiti changu. Kukata matawi kungenichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Sikusimama.

Nilifika ofisini giza limeshaingia. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nitaandika. Lakini nilimkuta meneja amesimama pale pale kwenye kitabu, anasoma, na ningeandika kwamba ukingo umevunjika angeuliza umevunjwa na nani, akiwa mwendo gani. Nilichukua kalamu. Niliandika: "Njia nzuri. Simba watatu juu ya drifti ya pili." Nikaweka tarehe, nikaweka jina. Meneja akanipiga bega kwa ajili ya simba.

Nilipanga nimwambie Mzee Nyaga kwa mdomo asubuhi. Nilikuwa na hakika kwamba hatapita huko, kwa sababu siku hizo alipendelea njia ya juu. Nilipofika kazini gari lake lilikuwa limeshaondoka. Alikuwa amesoma kitabu, na wageni wake walikuwa wameomba simba tangu walipofika nchini, kwa hivyo akabadilisha njia. Maneno yangu ndiyo yaliyompeleka drifti ya pili.

Gari lake lilizama gurudumu la kushoto likalala ubavu. Maji hayakuwa mengi, na hakuna aliyekufa. Mama mmoja mgeni alivunjika mkono, na Mzee Nyaga alimbeba mgongoni mpaka ng'ambo akakaa naye mpaka gari la askari wa mbuga lilipokuja.

Kesho yake meneja alituita sote wawili ofisini. Mzee Nyaga alikuwa na bandeji kwenye nyusi. Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama anavyouliza mtu aliyepoteza kitu na anataka tu kujua alikiacha wapi.

"Kirimi, wewe ulipita hapo jioni. Ukingo ulikuwa aje?"

"Ulikuwa mzima, Mzee."

"Mzima kabisa?"

"Kabisa."

"Na maji haikuwa imepanda?"

"Haikuwa."

Alivua kofia akaishika mapajani. Kisha akamwambia meneja, "Basi makosa ni yangu. Kama maji haikupanda, na Kirimi aliacha ukingo iko, ilianguka usiku, na bila mafuriko ya kuzifuta, alama zilikuwa hapo asubuhi. Na mimi nimepita na macho wazi na sikuona. Hii kazi ni ya macho." Akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani.

Meneja mwenyewe, pamoja na hasira zake, alimwomba asiende. Alikuwa bado na miaka mingi ya kazi. Alikataa. Alirudi Siakago akalima ndengu na kufuga mbuzi. Mimi nilipewa gari lake.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Kosa la drifti hata dereva mzuri anaweza kulifanya. Hata kutokuandika kunaweza kuwa kosa la jioni moja ya uoga. Lakini mimi nilikaa kwenye kile kiti nikamwona mtu akiyakataa macho yake kwa sababu aliniamini, nikanyamaza, nikanyamaza tena kesho yake, na zaidi ya miaka ishirini iliyofuata. Ninajuta. Hakuna siku niliyovuka drifti ile bila kujuta, na bado nilikwenda nyumbani nikala nikalala.

Nilikuwa na nafasi. Siku moja nilikutana naye Embu mjini, amekuja kununua dawa ya mbuzi. Tulisalimiana, na yeye kama kawaida yake akanitania kwa salamu ya Kimeru, "Muuga, baite!" Akaniuliza kama ile drifti ilitengenezwa. Nikamwambia ilitengenezwa, tena kwa mawe makubwa. "Vizuri," akasema. Neno lilinifika mdomoni. Akaniambia kanisa lao lilipata pikapu na kumwomba awe dereva, akakataa. "Siwezi beba watu na hii macho." Nikamwambia pole. Pole! Nilipanda gari langu, lililokuwa lake, nikarudi Meru.

Baadaye simu zilikuja. Madereva wakaanza kupigiana, kisha zikaja ramani za simu, na kitabu kikabaki kwenye msumari hakiandikwi. Ofisi ilipohama kilitupwa kwenye sanduku la takataka, nikakiokota. Ramani hizo ni nzuri, sizipingi. Lakini ramani inakuonyesha mstari unakata mto, na haijui maji ya leo, haijui ukingo, wala haina jina la mtu chini yake utakayemuuliza. Msidanganyike kwamba kitabu kilikuwa bora kwa sababu kilikuwa karatasi. Kilikuwa bora kadiri mtu aliyekiandika alivyokuwa mkweli, na ndani yake mna ukurasa wangu.

Baada ya kumpigia kelele Makena sikupata amani. Wiki iliyofuata nilikitoa kitabu chini ya kitanda, nikakifunga kwa gazeti, nikaenda Siakago.

Nilifika saa nne asubuhi. Ndengu zilikuwa zimeanikwa kwenye turubai uani, na mke wake, Mama Ireri, alikuwa anazigeuza kwa mguu. Mzee Nyaga alikuwa amekaa kivulini na ile kofia ya sufi kichwani, au pacha wa kofia ile. Mama Ireri alinieleza kwa sauti ya chini kabla sijamfikia: mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili, anaona mwanga tu, hospitali wamempa tarehe ya kupasuliwa na yeye hataki kwenda.

"Mzee, uko na mgeni. Ni Kirimi wa Meru."

"Kirimi dereva? Muuga, baite! Mletee kiti. Mletee chai."

Chai ilikuja. Sikuinywa. Nilijua nikiinywa tutaanza kuongea habari za mvua na watoto, na nitaondoka kama nilivyokuja. Nikamwambia yote, tangu wale simba hadi meneja aliyesimama kwenye kitabu. Nilimwambia mlio niliousikia na panga lililokuwa chini ya kiti, na kwamba kitabu chenyewe nimekuja nacho. Nilisema nilimdanganya mbele ya meneja, na kwamba hakukuwa na alama yoyote ya kuona asubuhi ile, hata mimi niliyevunja nilipotazama nyuma sikuona kitu.

Alivua kofia akaishika mapajani, kama siku ile ofisini.

"Kwa hivyo hiyo siku nilikuwa naona," akasema.

"Ulikuwa unaona, Mzee."

"Nilienda kwa daktari wa macho, unajua? Hapo Embu. Hata kabla mwezi uishe. Akanipima, akaniambia sina kitu, macho yangu ni kama ya kijana. Nikamwambia hajui. Nikasema daktari anajua herufi, lakini Kirimi anajua barabara." Akageuza uso kuelekea turubai. "Mama Ireri, umesikia? Macho ilikuwa mazima."

Mama Ireri alikuwa ameacha kuzigeuza ndengu. Hakunitazama.

"Nimesikia," akasema. "Mimi nimepanda bodaboda kwenda hospitali miaka hiyo yote, na mguu mbaya, na dereva ako hapa nyumbani." Akainama akaanza kuokota ndengu zilizoanguka nje ya turubai, moja moja.

Nilisema nisamehe, Mzee. Hakujibu hilo. Nimekuwa nikilifikiria tangu nirudi, na sasa naona hakuwa na deni la kunijibu. Nyinyi mnaosoma, kama mnangoja niwaambie kwamba tulikumbatiana, sina hilo la kuwaambia.

Mzee Nyaga akanyoosha mkono. "Umesema umekuja na kitabu."

Nikakitoa kwenye gazeti nikamwekea mapajani. Alikipapasa jalada, akapapasa mahali uzi ulipopita, akanirudishia.

"Soma hapo uliandika."

Nikatafuta ukurasa. "Njia nzuri. Simba watatu juu ya drifti ya pili."

"Simba walikuwa watatu kweli?"

"Walikuwa watatu, Mzee."

"Basi kuna kitu moja ya ukweli hapo." Hakucheka, lakini nilisikia sauti yake ya zamani, ile ya kwenye gari. "Uko na kalamu?"

"Niko nayo."

"Andika."

Chini ya mstari ule kulikuwa na nafasi ndogo. Niliandika, kisha akaniambia nimsomee, nikamsomea: "Drifti ya pili, ukingo wa kushoto umevunjika, hauonekani mtu akitazama. Nimeuvunja mimi kwa mwendo wa kasi. Usipite. Kirimi."

Alisikiliza kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akisikiliza injini. 

"Umesahau tarehe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na nilikuwa nimeisahau. "Niweke ya siku ile, Mzee, ama ya leo?"

"Ya leo," akasema. "Ile siku haukuandika kitu."